Je, prosesa ya kompyuta hujua ni kifaa gani kimeiita?

Kwa miaka mingi ningejibu ndiyo bila kusita. Niliamini kwamba data ikiingia kwenye kadi ya mtandao, kadi huikatiza prosesa (huifanya iache kazi yake kwa muda na kusikiliza) na kujitaja, kama mtu anayebisha hodi kisha akasema "ni mimi, Juma". Sivyo. Vifaa vinapochangia waya mmoja wa kukatiza, inayofika ni hodi tupu: prosesa huambiwa namba ya mlango, si jina la mgeni. Kosa hilo lilinigharimu, maana sikuweza kuelewa kwa nini kadi ya sauti iugue na mtandao ndio ukwame.

Kuchangia kulitokana na uhaba. IBM PC ya 1981 ilikuwa na nyaya 8 za kukatiza, na PC/AT ya 1984 ikafikisha 15 zinazotumika. Vifaa vikazidi nyaya. PCI, mfumo wa kuunganisha kadi na kompyuta uliokuja miaka ya 1990, ikahalalisha kuchangia.

Chukua basi lenye vitufe vya kengele kwenye kila kiti, vyote vimeungwa kwenye kengele moja. Ikilia, konda hajui ni nani. Anapita kiti kwa kiti: "Ni wewe unayeshuka?" Konda ni mfumo endeshi, na anayejibu kwa niaba ya kifaa ni draiva yake, yaani programu inayokiendesha, baada ya kusoma rejista ya hali ya kifaa hicho, sehemu ndogo ya kumbukumbu inayoonyesha kama ndicho kilichoita. Kwenye Linux draiva hujibu "si mimi" au "nimeshughulikia", na zote za waya ule huulizwa hata kama ya kwanza imekubali. Windows, kwa nyaya za aina hii, huishia kwa wa kwanza anayekubali.

Je, waliobonyeza wakiwa wawili? Hapo ndipo uzuri ulipo. Kwenye PCI abiria hagusi kitufe akaachia. Anakibonyeza mpaka ashuke. Akishuka mmoja, kengele bado inalia, konda anarudi. Nyaya za zamani za ISA, mfumo uliotangulia PCI, zilitoa "ting" moja tu, na ting mbili zikigongana husikika kama moja. Ndiyo maana kuchangia kule kulikuwa balaa.

Na kila abiria akikana? Linux huvumilia: katika kila miito 100,000, ikipita 99,900 isiyo na mwenyewe, huuzima waya na kuandika ujumbe ambao kwa Kiswahili ni "hakuna aliyejali". Wasio na hatia kwenye waya huo nao hudorora.

Tahadhari: siku hizi vifaa vingi vya PCI Express, mrithi wa PCI, havitumii waya wa kukatiza. Huandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu, na kifaa kimoja chaweza kuwa na hadi namba za mlango 2048 zake. Yaani dhana yangu potofu imekuja kukaribia ukweli, imechelewa tu. Kwenye Linux fungua faili la /proc/interrupts, linaloorodhesha miito hiyo. Mstari wenye majina mawili yaliyotenganishwa kwa mkato ni kengele ambayo bado ina wenyewe wawili.