"Imefunguka, fundi": dhana potofu kuhusu kanda za kompyuta za zamani

Kijana mmoja aliingia kwangu hapa Mwanga, Kigoma, akanionyesha simu yake. Kwenye kioo, ndani ya emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani), kulikuwa na menyu ya programu ambayo baba yake, mwalimu mstaafu wa hisabati, aliiandika miaka ya themanini kwa Sinclair ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya nyumbani inayohifadhi programu kwenye kaseti za kawaida, aliyorudi nayo kutoka masomoni Uingereza. "Imefunguka, fundi," akasema kwa furaha. "Kanda yenyewe nimempa dada arekodie kwaya."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na karibu kila mara linafuatwa na habari kwamba kanda haipo tena. Kwa hiyo leo naandika.

Dhana: Programu ikifunguka, nakala ni nzima

Nilimwomba kijana abonyeze namba 3 kwenye menyu, "Alama za wanafunzi". Kioo kikabaki kitupu. Programu ilikuwa inasubiri kanda iendelee kuzunguka, kwa sababu alama hazikuwa ndani ya programu. Mwalimu alizihifadhi kama faili lake lenyewe, mbele zaidi kwenye kanda, baada ya kimya kirefu. Kijana alisimamisha kurekodi pale tu menyu ilipotokea.

Piga hesabu uone kilichopotea. Wanafunzi 40, masomo 6, kila namba baiti 5 (baiti ni biti nane, na biti ni 0 au 1): hizo ni baiti 1,200, ukiongeza 5 zinazoeleza ukubwa wa jedwali unapata 1,205. Kwa mwendo wa Spectrum, faili hilo lote pamoja na mlio wake wa kutangulia ni kama sekunde 15 za kanda.

Tuseme hata umerekodi kanda yote. Bado kufunguka hakutoshi. Spectrum hufunga kila bloku (fungu la data) kwa baiti moja tu ya ukaguzi, inayopatikana kwa kupitisha baiti zote kwenye XOR, hesabu inayolinganisha biti kwa biti. Biti moja ikigeuka, mashine inagundua na kuandika "R Tape loading error". Lakini zikigeuka biti mbili zilizo nafasi moja katika baiti mbili tofauti, makosa yanafutana na mashine inapokea kana kwamba hakuna kilichotokea. BBC Micro, kompyuta nyingine ya enzi hizo, ilijilinda vizuri zaidi, kwa bloku za baiti 256 na CRC (namba ya ukaguzi iliyo kali zaidi) ya biti 16 kwa kila moja. Commodore 64, kwa mfumo wake wa kawaida, hurekodi data yote mara mbili mfululizo. Mwenye kanda ya Spectrum hana kinga hizo, kwa hiyo lazima ajikague mwenyewe.

Na usiniambie kwamba umepitia LIST (amri inayoonyesha mistari ya programu kwenye kioo) kwa macho na kila mstari uko sawa. Kwenye BASIC, lugha ya kuandikia programu za Spectrum, kila namba iliyomo ndani ya mstari huhifadhiwa mara mbili: kwanza tarakimu unazoziona, kisha baiti namba 14, kisha baiti 5 zilizofichwa ambazo ndizo mashine inazitumia kukokotoa. Baiti hizo zikiharibika, LIST itakuonyesha 50 huku mashine ikikokotoa kwa namba nyingine kabisa. Programu ya wastani wa mitihani inaweza kufunguka, ikapendeza, na ikamfelisha mtoto aliyefaulu. Ukiurudisha mstari huo kwenye uhariri na kubonyeza ENTER, mashine inazitengeneza upya baiti zile, lakini utajuaje ni mstari upi kama hujafanya jaribio la hesabu unayojua jibu lake?

Hivi ndivyo ninavyofanya, na sijaona njia fupi iliyo salama. Kwanza navunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti, ili hata mkono ukiteleza hakuna kitakachorekodiwa juu yake. Nasafisha hedi, ile sehemu ya deki inayogusa kanda na kuisoma, kwa spiriti. Narekebisha ulalo wa hedi kwa ile skrubu ndogo ya pembeni, nikifuata kanda yenyewe, maana deki iliyorekodi zamani inaweza kuwa na ulalo wake. Kisha nasoma pande zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu za kimya, na narudia kwenye deki ya pili. Nalinganisha usomaji huo wa kwanza na wa pili baiti kwa baiti. Kila kichwa cha faili (tangazo fupi linalotangulia data) lazima kiwe na bloku yake yenye urefu uleule kilioutangaza. Baada ya hapo ndipo naendesha programu, naingia kila kipengele cha menyu, kwenye emuleta na kwenye mashine halisi. Nikimaliza yote hayo, kanda bado naitunza.

Dhana: Kanda ni sauti, simu inatosha kurekodi

Ni sauti kweli, lakini haikuandikwa kwa ajili ya sikio. Biti ya 0 ni mapigo mawili ya takriban mikrosekunde 244 kila moja, na biti ya 1 ni mawili ya takriban 489. Spectrum inapima muda kati ya pigo na pigo. Kinasa sauti cha simu hupunguza kelele na kupandisha au kushusha sauti chenyewe, na MP3 hutupa kile ambacho sikio la mtu halitakikosa. Unganisha waya kutoka deki hadi kompyuta na urekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya sampuli 44,100 kwa sekunde.

Dhana: Vyote vipo mtandaoni tayari

Michezo iliyouzwa madukani Uingereza, mingi ipo. Ya kwetu haipo. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hiyo mashine zilizofika huku miaka iliyofuata zilikuwa za kuhesabika, na wenyewe walijiandikia programu walizozihitaji. Programu ya mwalimu wa Kigoma haikuuzwa popote, na nakala yake ni hiyo kaseti uliyoishika.

Dhana: Kanda yenye ukungu ianikwe juani

Dagaa wa Kibirizi ndio wa kuanikwa. Jua hupinda ganda la kaseti na kanda ikaanza kukwaruza. Unyevu wa ziwani huleta ukungu mweupe kila masika, nakubali, lakini dawa yake ni kivuli na mfuko uliofungwa wenye vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vaa barakoa unapoifungua. Na usiicheze kwenye deki kabla haijasafishwa, maana utaambukiza kanda zote zitakazofuata.

Dhana: Adapta yoyote ya volti 9 inafaa

Hapana! Spectrum inataka hasi katikati ya plagi, na adapta nyingi za ruta zina chanya katikati. Pima kwa mita kabla hujachomeka.

Yule kijana amerudi juzi na ile kaseti. Kwaya imekula upande A karibu wote, pamoja na pale alama zilipokuwa, na kilichofutwa na hedi ya kufutia sina namna ya kukirudisha. Lakini upande B baba yake alikuwa amehifadhi tena. Nimepata kichwa cha faili: aina ya 1, jedwali la namba, urefu 1,205. Usomaji wa kwanza na wa pili unatofautiana kwenye baiti moja, katika safu ya mwanafunzi wa 31. Kesho nasafisha hedi, naigusa skrubu kidogo, nasoma mara ya tatu.