Kodi za kinanda: hesabu 4, halafu 3

Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu hapa Moshi wanakuja na mapicha ya kodi (batani kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja) kwenye simu, kila kodi na picha yake, wanazikariri kama namba za simu. Mi nawaambia weka simu pembeni kwanza, tuhesabu.

Kinanda chote ni batani 12 zinazojirudia, nyeupe 7 nyeusi 5. Kutoka batani moja kwenda ya jirani, iwe nyeupe iwe nyeusi, ni nusu hatua. Sasa shika C, ile nyeupe iliyo kushoto tu kwa nyeusi mbili zilizokaa pamoja, yenyewe usiihesabu, nenda kulia nusu hatua 4 unatua E, toka hapo nenda 3 unatua G, bonyeza zote tatu kwa pamoja, hiyo ndo C meja. Anzia D: 4 unapata F shapu (nyeusi iliyo kulia kwa F), 3 unapata A. Hivyohivyo popote utakapoanzia. Maina geuza tu, 3 kwanza halafu 4. Ukiwa kwenye C, kidole cha kati kinashuka toka E hadi E flati (nyeusi iliyo kushoto kwa E), wenzake hawahami, na utasikia huzuni imeingia palepale.

Wanakwaya hapa mna bahati, maana makanisani tunasoma do re mi toka utotoni. Do-mi-so ni wani, yaani kodi inayoanzia noti ya kwanza; do ikiwa C, hiyo ni kodi ya C. Fa-la-do ni foo, kodi ya F. So-ti-re ni faivu, kodi ya G. Pambio nyingi mnazoimba zinaenda na hizo tatu tu, hamna uchawi.

Ila shida ya mwanzoni sio kuzijua, shida ni kuhama. Mtu anapiga C, halafu ananyanyua mkono mzima anaruka kuitafuta F, akifika waimbaji washafika mstari wa pili. Sasa angalia: C ipo ndani ya kodi ya F pia, so gumba liache hapohapo, E ipande iwe F, G ipande iwe A, una C-F-A. Ni F ileile, mpangilio tu ndo umebadilika. Kwenda G toka kwenye C, acha G ya kidole kidogo, E ishuke D, C ishuke B: B-D-G. Mkono wa kulia haujatoka pale ulipokuwa. Wa kushoto ndo unatembea, unapiga besi C, F, G.

Na ile trenspozi, kitufe cha kuhamisha sauti ya kinanda chote juu au chini, jamani... Kila wimbo unapiga kwa C halafu unabonyeza, sawa, ibada itaisha salama, lakini soloisti akiamka na moto wake akapandisha nusu katikati ya pambio unaanza kuhangaika na menyu huku watu wanapiga makofi. Anayejua 4 na 3 anahamia C shapu na maisha yanaendelea.

Wiki hii fanya G, yaani do iwe G: wani G-B-D, foo G-C-E, faivu F shapu-A-D. Batani nyeusi ni moja tu humo, na ukifika faivu gumba ndo linaikamata.