Mtaji wa kigeni: unarudishwa lini, na kwa sarafu gani?

Ikitangazwa kwamba dola kadhaa zimeingia nchini, watu hushangilia ukubwa wa kiasi hicho. Mimi, mchumi wa hapa Dar es Salaam, hutafuta kwanza mambo mawili: zitarudishwa lini, na kwa sarafu gani.

Mwaka 1990 Robert Lucas, mchumi wa Marekani, aliuliza: kama mtaji ni adimu katika nchi maskini na hivyo ungezaa faida kubwa zaidi huko, mbona haumiminiki kutoka nchi tajiri? Ni swali zuri. Lakini hata ukija, mitaji haifanani. Aliyejenga kiwanda hawezi kufunga tanuri kwenye sanduku akaondoka nalo. Hasara ikija, tunaipata pamoja. Mwenye hisa anaweza kuuza. Aliyekopesha kwa muda mfupi anangoja tarehe yake tu.

Thailand ililiona hilo. Kwa miaka zaidi ya kumi dola ilikuwa karibu baht 25 (baht ni sarafu ya Thailand), basi kampuni zikakopa dola za muda mfupi, nyingi zikaishia kwenye majengo ya Bangkok ambayo wapangaji wake hulipa baht. Wakopeshaji walipoingiwa na hofu, Benki Kuu ya Thailand ilimwaga akiba yake ya dola kuitetea baht, hadi tarehe 2 Julai 1997 ikaiachia ipangiwe bei na soko. Januari 1998 dola ilipita baht 50. Yaani deni, likihesabiwa kwa baht, liliongezeka maradufu bila mtu kukopa hata senti nyingine, na mwaka huo uchumi ukasinyaa kwa zaidi ya asilimia 7.

Lete hesabu hiyo Kinondoni. Mtu amejenga nyumba za kupangisha kwa mkopo wa dola 100,000, dola ikiwa shilingi 2,300: anadaiwa milioni 230. Dola ikifika 2,700, anadaiwa milioni 270, na kodi ya pango ni ileile. Tena chanzo cha dola kupanda kinaweza kuwa mbali kabisa. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Fedha zikavutwa huko, na mwaka 2023 waagizaji wa Kariakoo wakahangaika benki hadi benki kutafuta dola.

Sipingi mtaji wa nje, tunauhitaji sana. Mbangua korosho wa Mtwara anayeuza ng'ambo hulipwa dola. Akiniuliza, namwambia akope dola. Mwenye nyumba wa Kinondoni namsihi achukue mkopo wa shilingi, hata kama riba yake inauma.