Je, wajua kwa nini mtu hugundua usonji wake ukubwani?

Usonji, kwa Kiingereza autism, ni tofauti ya ubongo inayogusa hisi na namna mtu anavyowasiliana na wenzake. Hauanzi ukubwani. Mtu huzaliwa nao, na sehemu kubwa ya chanzo chake ni urithi wa vinasaba. Si jini, si chanjo, wala si mama aliyeshindwa kulea. Basi inakuwaje mwanamke wa miaka 40, tuseme wa Chikongola, Mtwara mjini, asome maelezo kwenye simu usiku na kujisemea, "Mbona huyu ni mimi mtupu"?

Sababu kubwa ni kwamba hakuna aliyekuwa akimtafuta. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akiwa Baltimore nchini Marekani, alieleza habari za watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger wa Vienna, Austria, akaeleza wavulana 4. Picha hiyo ikaganda kwa miongo mingi: usonji ni wa mtoto, tena wa kiume. Msichana mpole, anayefaulu darasani na kukaa kimya kwenye mkeka, nani angemtilia shaka? Alisifiwa kwa adabu.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulibadili mengi. Uliingiza kwenye vigezo hisi za sauti, harufu, mwanga na mguso zinapokuwa kali mno au hafifu mno. Tena ulikiri kwamba dalili, ingawa huanza utotoni, zaweza kujificha mpaka maisha yamzidi mtu kimo.

Kuzidiwa huko kunafananaje huku kwetu? Korosho zikichomwa na maganda yake juu ya bati, mafuta ya ganda hutoa moshi unaowasha macho na koo la kila mtu. Wenzake watakohoa, watacheka, wataendelea. Yeye harufu ile itamganda mpaka jioni, asiweze kula. Kwenye ngoma ya unyago kila mpigo unamwingia kifuani, kwa hiyo anakimbilia uani kukuna nazi usiku kucha. Watu wanamwita mchapakazi!

Maamkizi hayampi shida, ingawa wengi wangedhani kinyume. Shikamoo, marahaba, habari za tangu jana, watoto hawajambo: kila swali lina jibu lake na mpangilio unajulikana. Kazi inaanza maamkizi yanapokwisha, mazungumzo yakawa hayana njia, na mtu akasema jambo huku akimaanisha jingine. Hapo huigiza. Huangalia shoga zake wanacheka lini, naye akacheka. Kuigiza huko kwa miaka humchosha mtu kuliko jembe, na akirudi nyumbani akafunga mlango, majirani husema anaringa.

Lakini mpe korosho zilizobanguliwa azipange madaraja, nzima huku, nusu huku, vipande kule, atakaa saa nyingi bila kuchoka, na macho yake hayakosei. Kwenye usonji ugumu na kipaji mara nyingi hukaa nyumba moja, ingawa si kila mwenye usonji ana kipaji cha kushangaza watu. Wapo wasiosema kabisa na wanaohitaji kusaidiwa maisha yao yote.

Wengi hujipima kwa dodoso la maswali 50 lililotolewa mwaka 2001 na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Katika utafiti wao, watu 80 kati ya kila 100 wenye usonji walipata alama 32 au zaidi, ilhali wasio nao walikuwa 2 tu katika kila 100. Ni kipimo kizuri cha kumulika, lakini kina kwao. Kuna swali linalotaka uchague kati ya kwenda kwenye maigizo jukwaani na kwenda makumbusho. Mtu wa Nachingwea ajibu nini hapo? Wataalamu pia huulizia kutazamana machoni, na sisi tuliokatazwa kumkodolea macho mkubwa tutaonekana tuna dalili ukoo mzima.

Kujitambua kwa namna hiyo sina ugomvi nako, maana wataalamu wa usonji wa watu wazima ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Kinachoniudhi ni video za dakika moja zinazomthibitishia kila mwenye haya kwamba ana usonji. Wasiwasi uliokomaa, majeraha ya utotoni, hata kutosikia vizuri, vyote vyaweza kufanana na usonji kwa juujuu. Hakuna kipimo cha damu cha kuvitenganisha. Mtaalamu hutegemea historia, hasa ya utotoni, kwa hiyo shahidi muhimu ni mama au shangazi: ulichelewa kusema? Ulipanga makopo mstari mmoja na kulia yakisogezwa? Yaandike hayo kabla hujaenda kliniki ya afya ya akili.

Dawa ya kuondoa usonji haipo. Kinachobadilika ni mipango: kwenda sokoni alfajiri kabla watu hawajajaa, pamba masikioni kwenye sherehe, kuomba kukaa mbali na moshi, kumwambia mume kwamba ukimya wa jioni si kununa. Kwa hayo cheti cha daktari hakihitajiki. Kinahitajika pale usingizi unapopotea, sonona inapoingia, au mwajiri anapodai maandishi.