Stripu za kupimia sukari kwa kadi ya bima: cheti kiandikweje

Mimi ni mfamasia hapa Tanga mjini, na kila wiki nawaona wagonjwa wa kisukari wenye kadi hai ya bima wakitoa fedha mfukoni kununua stripu za kupimia sukari. Mara nyingi kikwazo ni cheti cha dawa walichokuja nacho.

Dawa huandikwa kwa ukamilifu: jina, dozi na idadi ya siku. Vifaa vya kupimia huandikwa "mashine na stripu", basi. Kwa cheti cha namna hiyo mfamasia hana msingi wa kutoa zaidi ya kikopo kimoja, na anayekagua madai upande wa bima anaweza kukikataa hata hicho, kwa kuwa hakuna kinachoonyesha mgonjwa anahitaji stripu ngapi na kwa sababu gani. Cheti kizuri hutaja aina ya kisukari, dawa anayotumia mgonjwa, hasa kama ni insulini, mara anazopaswa kupima kwa siku, na muda wa matumizi. Mwenye kisukari aina ya kwanza anayepima mara nne kwa siku anahitaji stripu 120 kwa siku 30, na kikopo cha stripu 50 humwishia kabla wiki mbili hazijatimia. Anayetumia vidonge vya metformin peke yake kwa kawaida huhitaji chache mno kuliko hizo, na bima ikihoji kwa nini ameandikiwa vikopo vitatu, naona inahoji kwa haki.

Kwa hiyo, kabla hujatoka chumba cha daktari, iwe ni Hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha karibu na kwako, mwambie: "Daktari, naomba uniandikie na mara za kupima kwa siku." Mwonyeshe na daftari lako la vipimo, kwa maana ndilo linalothibitisha kwamba stripu za mwezi uliopita zilitumika. Visindano vya kutobolea kidole viandikwe kwa idadi yake pia. Vikisahaulika, mgonjwa hurudia kimoja hadi kinakuwa butu, kidole kinauma, na mwishowe anaacha kupima.

Jambo la pili ni kujua kadi yako inalipia nini. Kupimwa sukari kliniki ni fao moja, na stripu za kutumia nyumbani ni jingine. Kuwa na la kwanza hakukuhakikishii la pili. Vitita, yaani orodha za huduma na dawa ambazo bima inalipia, navyo hubadilika: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia kitita kipya tarehe 1 Machi 2024, hivyo jibu ulilopewa miaka ya nyuma usilitegemee. Uliza pia ni mashine gani ambayo stripu zake zinalipiwa, kwa sababu stripu za mashine moja hazifanyi kazi kwenye nyingine. Hapa kwetu wazee wengi huletewa mashine na watoto wao walioko Maskati au Dubai. Ni zawadi ya upendo, lakini stripu zake huenda zisipatikane mjini kabisa, na nyingine husoma kwa miligramu (mg/dL), ambapo 126 ni sawa na 7.0 ya mashine tulizozoea, zinazosoma kwa mmol/L. Ili kupata kipimo chetu, gawanya kwa 18.

Ukishazipata, zitunze, maana bima haitarajiwi kukupa nyingine kabla ya muda wake kwa sababu tu zimeharibika. Joto na unyevu wa pwani yetu ni adui wa stripu. Ndani ya kikopo mna kemikali ya kufyonza unyevu, ndiyo maana stripu hazihamishiwi kwenye mfuko wa plastiki, wala kikopo hakiachwi wazi wakati unatafuta pamba. Usiziweke kwenye friji. Chukua moja kwa mkono mkavu, funika papo hapo, na siku unayofungua kikopo andika tarehe ubavuni mwake, kwa kuwa aina nyingi hupaswa kumalizwa ndani ya miezi michache baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe ya kuisha iliyochapwa bado iko mbali.