Mtu mzima anapochoshwa na bwawa

Sisi tunaofundisha watu wazima kuogelea tunaijua ile hali. Mwanafunzi aliyekuwa akifika bwawani kabla ya kocha anaanza kuchelewa, kisha zinakuja udhuru, kisha kimya. Ukimuuliza, atajilaumu kwa uvivu. Mimi sikubali. Anayekimbia barabarani ana mandhari, ana muziki, ana mwenzake wa kupiga naye soga. Muogeleaji uso umo majini na macho yanatazama mstari uleule sakafuni. Mpe mita 1,000 mfululizo bila jambo la kufikiria, naye atachoka roho kabla ya mwili.

Tena mwanzoni maendeleo huja upesi. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, hivyo mtu akijifunza tu kulaza mwili na kutoa pumzi vizuri, anaona tofauti kubwa. Makosa makubwa yakiisha, saa nayo inagoma kushuka, na hapo wengi hudhani wamefika mwisho wa uwezo wao.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni kuhesabu. Katika bwawa la mita 25, vuka mara moja kwa mtindo huru ukihesabu kila mkono unaoingia majini, na utazame saa ukigusa ukuta. Tuseme umepata mikono 22 na sekunde 30: jumla 52. Pumzika sekunde 20, kisha itafute 51. Ukipapatika ili uwahi, mikono itaongezeka na jumla itapanda. Ukijinyoosha mno na kuteleza, sekunde ndizo zitakazopanda. Kati ya hayo mawili ndimo ufundi ulimo, na akili inayoutafuta haina nafasi ya kuchoshwa. Usijilinganishe na mtu mrefu wa njia ya pili, kwani urefu wa mikono yake unampunguzia hesabu.

Kila baada ya wiki sita hivi, jipime. Ogelea mita 400 kwa nguvu zako zote, pumzika hadi pumzi itulie kabisa, kisha mita 200. Ukitumia dakika 10:00 na 4:40, tofauti ni 5:20. Igawe kwa 2 upate 2:40. Hiyo ni kasi ya kila mita 100 unayoweza kuihimili kwa muda mrefu, na mazoezi yapangwe juu yake: kwa mfano mita 100 mara nane, ukipumzika sekunde 20 katikati.

Changanya mitindo pia, hasa chali, inayokurudishia dari au anga machoni.

Wanaohitaji tarehe ya kulenga wafikirie mashindano ya watu wazima, yaitwayo Masters. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Tokyo mwaka 1986. Washiriki huanzia umri wa miaka 25, na hugawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Jambo hili hunifurahisha sana: anayetimiza miaka 65 anaingia kundi jipya akiwa ndiye kijana wao.

Lakini msitafute msisimko kwa kushindana kubana pumzi chini ya maji. Mtu hupoteza fahamu bila dalili yoyote ya kumwonya, hata muogeleaji hodari. Mwenzako akianza mchezo huo, mzuie papo hapo.