Hekalu la Ise: la kale, lakini jipya

Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, kwa hiyo swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu Ise Jingu, Japani, ni umri wake. Jengo la sasa lilikamilika mwaka 2013. Mwaka 2033 litakuwa jipya tena. Desturi ya kulijenga upya kila baada ya miaka 20 ilianza mwaka 690, enzi za Malkia Jito, na ujenzi wa 2013 ulikuwa wa 62. (Ukipiga hesabu haitakaa sawa: vita vya karne ya 15 na 16 viliikatiza kwa zaidi ya miaka 120.)

Wenyeji huanzia Geku, hekalu la nje, kwa Toyouke, mlinzi wa chakula, ndipo waende Naiku, hekalu la ndani, kwa Amaterasu wa jua. Hao huitwa kami. Sitafsiri: "mungu" linazidi, "mzimu" linapungua.

Kabla ya Daraja la Uji, la kuingilia Naiku, inama kidogo mbele ya torii, lile lango la mbao, kisha shika upande wa kulia. Kwenye maji utakuta kata, na kata ni kata kama ya mtungini kwetu. Nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kinga maji kiganjani usukutue. Kata yenyewe usiitie mdomoni! Mwisho iinue wima, maji yaliyobaki yaoshe mpini.

Ukipanda ngazi, kamera mfukoni. Inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena. Mbele yako ni pazia jeupe tu. Hekalu lenyewe huingii. Kwa mtu wa fani yangu, hilo liliniuma.

Nilichokaa nikitazama ni kiwanja cha jirani: kitupu, kokoto, na kibanda kidogo cha mbao kinachofunika mahali pa nguzo ya kati. Hapo ndipo litakaposimama hekalu lijalo. Nguzo za hinoki, mti wa jamii ya saiprasi, huchimbiwa ardhini moja kwa moja, na paa huezekwa nyasi. Vitu hivyo huoza. Lakini fundi aliyejifunza akiwa kijana ataongoza ujenzi unaofuata, na akizeeka atasimamia wa tatu.

Mbao kuukuu hazitupwi, hupelekwa mahekalu mengine. Zile nguzo kubwa zilizobeba mwamba wa paa la hekalu lililotangulia ndizo zilizochongwa upya zikawa torii za Daraja la Uji. Nilishaziinamia asubuhi, bila kujua.